Peugeot PX-10 ya 1973: fremu ya maana au ni jina tu?

Mnyororo_Mkavu aliuliza:

Wakuu, salaam. Hapa Lille kuna Peugeot PX-10 inauzwa. Fremu nyeupe, maungio yamezungushiwa rangi nyeusi, muuzaji anasema ni ya 1973. Imebaki na vifaa vyake: krenki Stronglight 93, breki Mafac, direla (kihamisha mnyororo kati ya gia) Simplex mbele na nyuma, magurudumu ya tairi za gundi.

Nikisoma huku na huku nakutana na kauli mbili zisizopatana. Moja inasema baiskeli za mbio za Kifaransa ndizo zilizobeba mabingwa wa Tour de France. Nyingine inasema usiguse, hesi zake haziingiliani na kitu chochote duniani na vifaa vyake ni plastiki.

Naomba wenye kujua: fremu yenyewe ina ubora gani, na nikague nini kabla sijatoa hela? Mwakani baiskeli itahamia Arusha, kwa hiyo suala la spea nalo lina uzito.

---

Bomba531:

Kauli zote mbili ni za kweli, ila zinazungumzia vitu tofauti. Ya kwanza ni kuhusu fremu, ya pili ni kuhusu vilivyofungwa juu yake.

Tuanze na fremu. PX-10 ya miaka hiyo imejengwa kwa mabomba ya Reynolds 531, chuma cha Kiingereza kilichokuwa chaguo la kwanza la mafundi wengi wa Ulaya. Bomba ni nene kwenye ncha, pale linapolehemiwa, na jembamba katikati. Ndiyo maana fremu inakuwa nyepesi bila kukatika kwenye maungio. Baiskeli nzima inacheza kwenye kilo 10, na kwa chuma cha 1973 hapo hakuna wa kuicheka. Kwenye lami mbovu inatulia, uma wake umepinda vizuri mbele na unameza mitikisiko. Anayetafuta fremu ya kukurupuka kwenye kona kali ataiona nzito kugeuka. Wa safari ya kilomita 150 atashukuru.

Sasa usidanganyike na umaliziaji. Peugeot ilikuwa kiwanda kikubwa, si karakana ya mtu na tupa yake. Utakuta shaba ya kulehemu imemwagika kidogo pembeni mwa ungio, au kingo hazikupigwa tupa sawasawa. Waitaliano wa wakati ule walipendezesha zaidi. Hilo ni doa la macho tu, ungio linaweza kuwa limeshika vizuri kabisa ndani.

Kuhusu mabingwa, ni kweli. Thévenet alishinda Tour 1975 na 1977 akiwa Peugeot, Pingeon 1967, na Merckx kijana alichukua Milan–San Remo 1966 na 1967 akiwa na jezi hiyohiyo ya miraba. Lakini baiskeli za timu mara nyingi zilijengwa kando, kwa vipimo vya mtu. Ya dukani ni binamu yake, si pacha.

Kipimo cha haraka cha kujua kama ni 531 ya kweli au bomba la kawaida lililobandikwa stika: chomoa nguzo ya kiti uipime kwa kaliba. PX-10 inachukua mm 26.4. Ukikuta mm 24, hilo ni bomba nene la UO-8, baiskeli ya bei ya chini ya Peugeot hiyohiyo. Bomba likiwa nene, tundu la ndani linakuwa dogo. Stika inabanduliwa na kubandikwa, tundu halibandikwi.

---

TupaNaMsasa:

Mkuu Bomba kamaliza ya fremu, mimi niingie kwenye hesi, maana hapo ndipo watu wanapoharibu fremu nzuri kwa spana moja.

Ufaransa ilikuwa na vipimo vyake vya milimita, na ubaya wake ni kwamba viko karibu mno na vya Kiingereza. Vingekuwa mbali, hakuna ambaye angejaribu kulazimisha. Angalia:

Vikombe vya krenki (vinavyofungwa kwenye fremu na kushika gololi za ekseli ya krenki): Kifaransa mm 35, hatua ya hesi mm 1. Kiingereza ni inchi 1.37, sawa na mm 34.8, hesi 24 kwa inchi, yaani hatua ya mm 1.06. Tofauti ni sehemu mbili za kumi ya milimita. Kikombe cha Kiingereza upande wa kushoto kitaingia mizunguko miwili mitatu kikiwa laini kabisa, kisha kitaanza kukaza. Fundi anadhani ni uchafu, anaongeza nguvu. Hapo hesi za fremu zinachanwa.

Upande wa kulia ni hadithi nyingine. Kiingereza kinafungwa kinyume, Kifaransa kinafungwa kawaida pande zote mbili. Ukiwa upande wa mnyororo, ekseli inazunguka kwenda mbele na gololi zinakisukuma kikombe kurudi nyuma. Kwa hesi ya kawaida, kurudi nyuma ni kufunguka. Ndiyo maana kikombe cha kulia cha Kifaransa kina sifa ya kulegea chenyewe. Kikikazwa kikweli, kwa spana ndefu yenye kushika bapa zake vizuri, kinakaa miaka. Kikikazwa kwa mkono wa huruma, baada ya wiki chache utasikia krenki inagonga.

Pedeli: Kifaransa mm 14 kwa 1.25. Kiingereza ni inchi 9/16, yaani mm 14.3 hivi. Hapa kuna nafuu, kwa sababu krenki ya Kifaransa unaweza kuipitishia tepu (chombo cha kukata hesi ndani ya tundu) ya 9/16 kwa hesi 20 na ikachukua pedeli za leo. Kushoto tumia tepu ya kushoto! Pedeli za zamani zimechapwa D na G, D ni kulia, G ni kushoto.

Shina la uma: kipenyo mm 25, hesi ya mm 1. Shingo ya usukani inayoingia ndani yake ni mm 22.0, wakati za kawaida ni 22.2. Usiigonge kwa nyundo, utatanua shina. Shingo ya aluminiamu ya 22.2 inaweza kupunguzwa kwa msasa, namba 120 kwanza kisha 400, ukizungusha kamba ya msasa pande zote sawasawa na kupima kila mara. Unaondoa mm 0.1 kila upande, si zaidi. Na ukikuta shingo imeandikwa AVA, itoe uiweke kabatini. Zinajulikana kwa kupasuka kwenye mpasuo wa sehemu inayoingia ndani ya shina, na shingo ikikatika huna usukani.

Friwili (fungu la gia za nyuma linalofungwa kwa hesi kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu): habu ya Kifaransa ni mm 34.7, ya Kiingereza 34.9. Friwili ya Kiingereza itaingia kwenye habu ya Kifaransa ikilegalega, na ukisimama kwenye pedeli mlimani itateleza na kula hesi zote.

La mwisho, bomba la kiti kwa nje ni mm 28.0, si 28.6. Kibano cha direla ya mbele ya kisasa hakitashika. Kata ukanda wa kopo la soda, lina unene wa kama mm 0.1, zungusha mara tatu, kisha funga kibano juu yake.

---

Spoki36:

Nakubaliana na wawili hapo juu isipokuwa jambo moja. Tukiita fremu nzuri na vifaa vibaya tunaonea vifaa. Stronglight 93 ni krenki nzuri mno. Mafac ikirekebishwa inasimamisha vizuri kuliko breki nyingi za Kiitaliano za wakati ule. Mavic walijenga rimu ambazo kila mtu alizitaka. Lawama yote ni ya plastiki ya Simplex, na hapo ndipo jina la Ufaransa lilipoanguka.

Simplex Prestige imetengenezwa kwa Delrin. Ilipokuwa mpya ilikuwa nyepesi na ilibadilisha gia vizuri tu. Ikizeeka, plastiki inakakamaa na kupasuka, hasa kibano cha direla ya mbele kikikazwa kupita kiasi. Direla ya nyuma nayo inalegea kwenye maungio, mnyororo unachelewa kufika kwenye meno unayotaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani walinunua baiskeli za gia kumi kwa wazimu, na za Kifaransa zilikwenda kwa wingi. Wengi waliozinunua hawakujua kurekebisha, na mafundi wao hawakuwa na spana za milimita za Kifaransa. Wajapani wakaja na Suntour, direla ya chuma na aluminiamu, bei ndogo, yenye mikono sambamba iliyoinamishwa ili gurudumu dogo lifuate ngazi ya meno. Hataza ya muundo ule ni ya 1964. Ukiweka Suntour ya bei ya chini pembeni ya Prestige, Suntour inashinda bila ubishi.

Lakini Simplex haohao walitengeneza Super LJ ya aluminiamu, na vishikio vya gia vyenye springi ndani vinavyokwenda laini kama siagi. Wapo waliofunga vifaa vya Kiitaliano vya Campagnolo baiskeli nzima, wakabakiza vishikio vya Simplex. Ukivikuta kwenye hiyo PX-10, usivitoe.

Ukitaka kubadilisha direla ya nyuma: sikio la Simplex (kipande cha fremu ambako direla hufungwa) halina hesi wala mkato wa kuzuia. Pitisha tepu ya mm 10 kwa 1, kisha chonga mkato mdogo kwa tupa nyuma ya sikio, kama mahali pa saa saba ukitazama upande wa mnyororo. Bila mkato, direla inazunguka kwenda mbele na mnyororo unalegea. Kama unaithamini fremu kama kitu cha kale, usiguse sikio, tafuta Super LJ.

---

Mnyororo_Mkavu:

Asanteni sana. Nimerudi kwa muuzaji na kaliba. Nguzo ya kiti ni mm 26.4 kamili. Kikombe cha kulia kimechapwa 35x1. Stika ya Reynolds inataja mabomba, uma na mabomba ya nyuma. Muuzaji kakubali kupunguza bei, nimeichukua.

Maswali yamebaki matatu. Kikombe cha kulia kimeganda, spana inateleza. Krenki nazo haziwezi kutoka, kivutio (kifaa cha kuvuta krenki kutoka kwenye ekseli) nilichonacho kinaingia lakini hakishiki. Na sahani za mbele ni meno 52 na 45, nyuma 14 hadi 21. Kwa milima ya Arusha naona kifo.

---

TupaNaMsasa:

Usiguse krenki tena na hicho kivutio! Cha kawaida ni mm 22. Stronglight ya wakati huo inataka 23.35, TA, krenki nyingine ya Kifaransa, inataka 23. Kidogo kikiingia kwenye tundu kubwa kinashika ncha za hesi tu, ukivuta kinazinyoa. Tafuta kivutio kilichochapwa Stronglight, kiingize kwa vidole mpaka mwisho kabla ya kushika spana. Na bolti ya ndani ni kichwa cha mm 16, si 14 wala 15, kwa hiyo soketi yake iwe na ukuta mwembamba.

Kwa kikombe kilichoganda, spana haifai kwa sababu bapa zake ni nyembamba. Ondoa kikombe cha kushoto na ekseli kwanza. Mwagia mafuta ya kupenya kutoka ndani, acha usiku kucha. Kisha laza fremu, upande wa mnyororo ukiwa chini, bana bapa za kikombe kwenye jiriwa kwa nguvu zote, halafu zungusha fremu yenyewe kwa mikono miwili kinyume cha saa ukitazama kutoka juu. Fremu inakuwa mpini wa karibu nusu mita, hakuna spana itakayokupa nguvu hiyo. Kikigoma, pasha moto kibomba cha krenki (bomba fupi la fremu ambamo vikombe vinaingia) kwa bunduki ya hewa ya moto. Usitumie mwali, utaunguza rangi.

Kama njia ambamo gololi zinapita haijachimbika, rudisha kikombe hichohicho. Gololi mpya ni robo inchi, 11 kila upande. (Hesi za milimita, gololi za inchi. Wafaransa hao.) Faida yake ni kwamba gololi za robo inchi unazipata duka lolote la spea Arusha. Vikombe vikiwa vimechimbika, Phil Wood wa Marekani wana pete za hesi za Kifaransa za kushikia ekseli yao ya beringi zilizofungwa. Ni ghali, lakini ukifunga mara moja umesahau.

---

Spoki36:

Kuhusu gia: Stronglight 93 ina duara la bolti (zinazoshika sahani za meno) la mm 122, huwezi kushuka sana chini ya meno 38. Kwa hiyo 45 itoke, iingie 38 au 40, na nyuma weka friwili ya 14 hadi 26 au 28. Angalia tu direla yako inamudu meno mangapi. Kama hutaki kuhangaika, krenki ya TA ya bolti tano ndogo inashuka hadi meno 26 na bado ni ya Kifaransa.

Kwenye magurudumu nisikilize vizuri. Tairi za gundi Arusha utazipata wapi? Jenga au nunua magurudumu ya 700C ya tairi za kawaida, rimu ya mm 622. Mahali breki inapogusa panalingana na rimu za gundi kiasi kwamba Mafac zitafika kwa kusogeza mipira kidogo. Usichukue inchi 27, hiyo ni mm 630, kila upande inapanda mm 4. Ukiwa na habu mpya ya Kiingereza, mzigo wa friwili ya 34.7 umeutua. Nyuma fremu ina upana wa mm 120 kwa gia tano. Ukitaka sita, itanuliwe hadi 126, mm 3 kila upande. Chuma cha 531 kinakubali, ila hakikisha fundi anapima kwa uzi kutoka kwenye shingo mpaka pande zote mbili za nyuma, isije ikapinda upande mmoja.

Mafac zikipiga kelele, si ubovu. Mpira wa breki umeshikwa na bolti yenye jicho inayozunguka kila upande. Weka kadi ngumu chini ya ncha ya nyuma ya mpira, bana breki, kaza, toa kadi. Ncha ya mbele itagusa rimu kwanza na kelele itakwisha. Kool-Stop wanatengeneza mipira ya kuziingia Mafac.

---

Kipago_Njano:

Samahani nachomekea. Mimi sina PX-10 ila natamani ya Kifaransa. Ukiacha Peugeot, zipi zina maana? Gitane, Motobécane, Mercier, Vitus?

---

Bomba531:

Gitane za 531 ziko daraja moja na PX-10 na bei yake mara nyingi ni nafuu. Hinault alishinda Tour 1978, 1979, 1981 na 1982 katika timu ya Renault-Gitane, na Fignon akafuata 1983 na 1984 kwa jezi hiyohiyo. Kiwanda kiko Machecoul, karibu na Nantes.

Motobécane walikuwa wasafi zaidi kwa rangi na umaliziaji, na waliwahi kukubali Suntour mapema. Ocaña alishinda Tour ya 1973 juu ya Motobécane. Mtego wake uko kwenye zile za mwisho wa miaka ya 1970: nyingi zina vikombe vya Kiswisi, yaani mm 35 kwa 1 kama Kifaransa lakini kulia kunafungwa kinyume. Ukizungusha upande usio wenyewe ndio unakaza. Soma maandishi juu ya kikombe kabla ya kugusa. Pia jina hilo sasa linauzwa Marekani kwenye baiskeli zisizo na uhusiano na kiwanda cha Ufaransa.

Vitus 979 ni mnyama mwingine: mabomba ya aluminiamu yaliyogundishwa kwenye maungio, hakuna kulehemu. Sean Kelly aliipanda miaka ya 1980. Ni nyepesi, lakini mabomba ni membamba kama ya chuma, kwa hiyo mwenye kilo 85 ataiona inapinda akisimama kwenye pedeli. Kagua kwa taa kingo za maungio, hasa kwenye kibomba cha krenki na chini ya shingo. Mstari mwembamba kama unywele unaozunguka bomba maana yake gundi imeachia, na hiyo hairekebishwi mtaani.

Epuka Peugeot za mwanzo wa 1980 zenye habu ya Helicomatic kama unataka baiskeli ya kazi. Wazo lilikuwa zuri, gia zinatoka kwa mzunguko mmoja, lakini gololi za kulia ni ndogo na zinakufa mapema, na spea zake zimeadimika.

Ukitaka ya Kifaransa isiyo na mkasa wa hesi, nenda mbele kwenye kaboni za Look. LeMond alishinda Tour ya 1986 kwenye fremu ya kaboni ya Look, na pedeli za kubofya ambazo leo kila mtu anazo Look waliziingiza sokoni 1984. Hinault alishinda nazo 1985.

---

Mnyororo_Mkavu:

Kikombe kimetoka kwenye jiriwa kwa mzunguko mmoja tu wa fremu, bapa hazijakwaruzika hata kidogo. Njia ya gololi inang'aa, haina shimo. Kivutio cha Stronglight nimeagiza. Swali la mwisho: nikikirudisha nikaze kiasi gani, na niweke nini kwenye hesi kisilegee?

---

TupaNaMsasa:

Safisha hesi za pande zote kwa petroli na brashi ya meno mpaka hakuna grisi, acha zikauke. Weka gundi ya hesi ya rangi ya bluu, mzunguko mmoja kwenye kikombe. Nyekundu usiweke, mwenye kukifungua baada yako atakulaani. Kaza kwa jiriwa ileile, safari hii fremu ikizunguka kwa mwelekeo wa saa, mpaka ukingo wa kikombe ukae bapa kwenye kibomba bila mwanya unaoonekana ukimulika taa. Halafu uzito wa mwili wako kidogo juu ya hapo. Acha saa 24 kabla ya kupaka grisi na kupanga gololi. Baada ya kilomita 100 za kwanza, ondoa krenki ya kulia uitazame. Ukiona mwanya hata wa unene wa karatasi, rudia.